Gitaa Dogo la Mama Ipyana

Ketrina alikuwa ameinama kwenye mistari ya kahawa, kikapu kimefungwa kiunoni, Mzee Mbonile wa baraza la kanisa alipopita njiani na kumtupia habari kama mtu anayetupa ganda la ndizi.

"Mama Ipyana, umesikia? Sikukuu ya Mavuno mwaka huu tuna wageni. Baba Ipyana anakuja na kundi lake kutoka Tunduma. Mazao yataingia kanisani kwa ule wimbo wao wa redioni, 'Umande Ungalipo'."

Kahawa zote zilizokuwa mkononi mwa Ketrina zilimwagika.

"Wimbo wao?"

"Si wao? Kila siku redio inasema, Yesaya na wenzake."

"Na atakayetangulia mbele ya mazao ni nani?"

"Mwenye wimbo, mama. Utaratibu wetu unaujua." Mzee akaenda zake huku akipiga mluzi, na alichokuwa akipiga ni wimbo huohuo.

Utaratibu Ketrina aliujua sana. Katika usharika ule wa Igamba mazao hayaingii kanisani ovyo. Yanakusanywa getini, mahindi, maharage, kahawa, kuku waliofungwa miguu, kisha unachaguliwa wimbo mmoja tu. Aliyeutunga hutangulia peke yake, bila mzigo, kutoka getini hadi madhabahuni, na kijiji kizima humfuata na mizigo kichwani, hata mke wa mchungaji, hata mwenye shamba kubwa kuliko wote. Wapo watu waliozeeka wakitunga nyimbo kila mwaka na hawakuwahi kutangulia. Na Ketrina wimbo huo aliutunga kwa kinywa chake, katika mistari hiyohiyo ya kahawa, miguu ikiwa imelowa umande. Sasa atangulie nani? Yesaya, na viatu vyake vilivyochongoka!

Yesaya alikuwa mume wake. Zamani, walipokuwa bado wanakula sahani moja, alichonga magitaa matatu kwa mbao za msindano: kubwa lenye tumbo kama mtungi, la kati, na moja dogo la kukumbatia kifuani, lenye nyuzi nne tu. Makubwa mawili yalikuwa yake na mdogo wake. Lile dogo alimpa mkewe kwa sababu lilibaki. Nyuzi zilikuwa za nailoni ya kuvulia samaki, nene kwa nyembamba, na Yesaya alianza kufunga la kwake. Zamu ya Ketrina ilipofika, nailoni nene ilikuwa imekwisha. Mahali pa ule uzi wa juu kabisa, unaogongwa na kidole gumba, ambao kwa kawaida ndio mnene na wenye sauti nzito, yeye aliweka kipande chembamba kilichosalia. Yesaya alicheka hadi akakaa chini.

"Umeweka kichwa mahali pa miguu! Acha tu, ni la kuchezea."

Ketrina hakuacha. Alilipiga jioni akingoja ugali uive, akalipiga shambani wakati wa kupumzika, na wimbo ukatoka humo. Ulikuwa na mwanzo wake, kabla ya maneno, sauti ndogondogo zinazopokezana kama njiwa wawili juu ya paa. Wanawake waliochuma naye kahawa waliujua na waliuitikia. Halafu Yesaya akapata mwanamke Tunduma, mwenye duka la vitenge, akaondoka na magitaa makubwa, na mdogo wake, na wimbo. Mlangoni alilitazama lile dogo akasema, "Hilo baki nalo, wajukuu watachezea." Miaka ikapita. Siku moja wimbo ukatoka redioni, mwanzo wake umekatwa na mahali pake pamewekwa kinanda. Ketrina aliwaambia watu, huu ni wangu. Majirani waliinamisha vichwa. Walijua, lakini redio ina sauti kubwa kuliko majirani.

Ndiyo maana siku ile aliacha kahawa chini, akakimbia hadi kwa Fortunata, jirani yake, mwanamke mwenye mwili na kicheko cha kujaza nyumba. Alimkuta anapepeta maharage pamoja na Lusungu, binti wa shangazi yake Ketrina, ambaye vidole vyake virefu vilikuwa havitulii hata akiwa amelala.

"Jamani, anakuja kutangulia! Kwa wimbo wangu!"

"Nani?" Fortunata akauliza, kisha akamwona usoni. "Weee! Yesaya? Hapa Igamba? Hana haya?"

"Haya aliisahau huku alipohama."

"Basi na sisi tuunde kundi," Lusungu akasema. "Tuwe pale getini siku hiyo. Dada ulipige, sisi tuimbe."

Walijaribu papo hapo. Ketrina akalitoa gitaa dogo nyuma ya kabati, akalifuta vumbi kwa kanga, akaanza. Mwanzo ulitoka vizuri. Lakini Fortunata alipofungua kinywa, gitaa halikusikika tena, limezama kama kijiko kwenye sufuria ya uji.

"Sauti yako inaua," Lusungu akamwambia.

"Nipunguze? Sijui kupunguza, mama yangu hakunifundisha."

Ketrina akalilaza gitaa magotini. Halafu akasema neno ambalo baadaye alilicheka mwenyewe. "Tatizo ni udogo. Nitatafuta gitaa kubwa kama lake. Kubwa kuliko lake! Nipige wimbo wangu kwa kubwa, nione kama atatoa sauti."

Alitia gitaa dogo kwenye mfuko, akafunga gunia la maharage nyuma ya bodaboda hadi barabara kuu, akapata gari, akashuka Tunduma. Malori yalikuwa yamepangana kungoja kuvuka mpaka, madereva wanapika chai kando ya magurudumu. Akawapita na kichwa juu, na alipopita usawa wa duka la vitenge hakugeuka. Hakugeuka, ila aliona kwamba mlango umepakwa rangi mpya.

Fundi aliyeambiwa habari zake alikuwa Zabron, Mnamwanga ambaye nusu ya ukoo wake iko Nakonde, Zambia, na nusu iko upande huu. Alikuwa na banda karibu na mpaka, na humo ndani, mungu wangu! Magitaa ya kila kimo yalining'inia darini kama nyama buchani. Mengine ya kiwandani yaliyoletwa kukarabatiwa, mengine ya mkono wake, yenye matumbo ya mbao, ya bati, ya ngozi ya mbuzi.

"Bamayo, karibu," Zabron akasema. Kwa wateja wa kike alipenda kutumia hilo neno la 'mama' la ng'ambo. "Nikupe lipi?"

"Kubwa. Kubwa kuliko yote."

"La kupigia nini?"

"La kupigia mtu."

Zabron akacheka, akamshushia gitaa la kawaida la nyuzi sita, lenye tumbo pana. Ketrina akalipakata. Mkono wa kulia ukapanda juu kama mtu anayekumbatia ng'ombe. Akatafuta wimbo wake, akagonga kwa kidole gumba, na badala ya njiwa wake akasikia mtu mzima anaanguka kitandani. Akajaribu tena. Palepale pa njiwa, dume la ng'ombe likakohoa.

"Nimesahau," akasema. "Nimeusahau wimbo wangu mwenyewe."

"Bado unao hapo kwenye mfuko?" Zabron aliuliza, kwa maana shingo ya lile dogo ilikuwa inachungulia nje. "Hebu nipigie kwa hicho."

Akapiga. Njiwa wakarudi. Zabron akaacha tindo, akasogea, akaweka sikio karibu na nyuzi, akagusa ule wa juu kwa ukucha.

"Nani alikufungia hivi?"

"Mimi. Nailoni nene ilikwisha. Nilikosea."

"Umekosea!" Akapiga paja lake kwa furaha. Akasimama kwenye kiti, akashusha kigitaa cha kiwandani kinachong'aa, cha nyuzi nne. "Hii wanaiita ukulele. Gusa uzi wa kidole gumba."

Ketrina akagusa. Ulilia juu, mwembamba, sawasawa na wake.

"Kumbe kuna watu wengine waliokosea?"

"Duniani kote, bamayo, na wanaziuza! Sikia. Hizi zina vimo vinne. Hii ndogo kabisa ina sauti kali, inapenya, huzami nayo hata watu wakiimba, mradi chini yake pawe na kitu kingine cha kubeba uzito. Mbili zinazofuata hukazwa vilevile, ila tumbo limeongezeka na shingo ina nafasi, kwa mwenye vidole vyake. Ya nne ndiyo inashuka, hiyo imefungwa kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, haina tena huo uzi wa kurukaruka. Na gitaa lenyewe, uzi wake wa kidole gumba ndio mzito kuliko wote. Limeumbwa kubeba, si kurukaruka. Huo mwanzo wako unapigwa na kidole gumba kikiwa juu na vidole vingine chini yake, wanapokezana mahali pamoja. Kwenye gitaa kubwa kidole gumba kiko kisimani. Hodari kabisa angeupata kwa kuzungukazunguka huko chini ya shingo, lakini aliyezoea kugonga tu, thubutu!"

Ketrina alisimama. Akakumbuka kinanda kile cha redioni, kilichowekwa mahali pa mwanzo. Miaka yote alidhani Yesaya aliukata kwa sababu aliudharau.

"Kwa hiyo hakuukata," akasema polepole. "Hakuuweza!"

"Nani?"

"Hakuuweza! Hakuuweza yule!" Na akaanza kucheka peke yake katikati ya banda, hadi mpita njia mmoja akachungulia.

Gunia la maharage lilibaki kwa Zabron. Ketrina alirudi Igamba na vyombo viwili. Kimoja kilikuwa gitaa la kati, jembamba la kiuno. Kingine kilikuwa kitu kama pipa lililowambwa ngozi, lenye shingo ndefu na nyuzi nene, ambacho hulazwa chini na mpigaji akakaa juu ya shingo yake akikigonga. Kondakta alitaka kukitoza nauli kama abiria.

"Hili la nani?" Fortunata aliuliza, akilizunguka.

"La kwako. Kalia."

"Nikalie gitaa?"

"Umepewa mwili, utumie."

Fortunata akakaa, akagonga uzi mnene kwa kijiti. Sauti ikatembea ardhini, kuku wakatoka mbio chini ya ghala. Akagonga tena, akafumba macho. "Jamani, nausikia kwenye matako!" Na tangu siku hiyo ikawa shida kumwondoa. Cha ajabu, mikono ikiwa na kazi, sauti yake ya kuimba ilipungua yenyewe, akawa anaimba kama binadamu. La kati likamwendea Lusungu, kazi yake kukatakata mapigo katikati, chaka-chaka, chaka-chaka, kama mtu anayepura maharage, asipande juu kwa Ketrina wala asishuke kwa Fortunata. Mara ya kwanza walipopatana, watatu wote waliacha kupiga kwa mshtuko, wakatazamana.

"Ni sisi hao?" Lusungu akanong'ona.

"Rudia!" Ketrina akapiga kelele. "Rudia kabla hatujasahau!"

Lakini tatizo moja lilibaki. Kutoka getini hadi madhabahuni ni kutembea, na besi ya Fortunata ni ya kukalia. Walibishana, wakanuna, wakapatana juu ya mkokoteni wa kubebea mahindi.

Siku ikafika. Getini palijaa hadi barabarani, vikapu, magunia, maboga, mbuzi mmoja aliyekuwa anakula maua ya mtu. Yesaya alikuwa amefika mapema. Tumbo lilikuwa limemtoka kidogo na viatu vimechongoka zaidi. Spika zake zilisimama hapohapo getini, gitaa lake la umeme likiwa limeunganishwa nazo kwa waya mrefu uliojikunja vumbini.

"Mama Ipyana," alimsalimia, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Na wewe umekuja? Na kile cha wajukuu bado unacho!"

"Ninacho. Umenitunzia wimbo wangu?"

"Ah, Mama Ipyana na maneno yako."

Mzee Mbonile akainua mkono. Kundi la Yesaya likaanza, na kinanda kikapiga mwanzo wake wa redioni, mtamu kama soda ya moto. Yesaya akaanza kutembea na gitaa, watu nyuma yake wakajitwika mizigo vichwani. Hakufika mbali. Waya ulianzia getini kwenye spika, na urefu wake ukaishia katikati ya uwanja. Waya ulinyooka, ukamvuta nyuma kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Akageuka kuuvuta, ukachomoka, gitaa likanyamaza, na kinanda kikakoma kumngoja. Kubwa lile, lisilo na spika, halikusikika hata kwa aliyesimama karibu naye. Maandamano yakakwama, maboga yakigongana.

Ketrina hakupanga. Kidole gumba ndicho kilichoanza.

Sauti ilikuwa ndogo lakini kali, ikapenya katikati ya minong'ono na mbuzi na watoto kama sindano kwenye gunia. Njiwa wa kwanza, njiwa wa pili. Watu wakageuka. Na pale nyuma, kutoka kwa bibi mmoja aliyewahi kuchuma naye kahawa, aliyebeba ungo wa ulezi, ukatoka mwitikio ambao redio haikuwahi kuupiga kwa sababu haikuujua. "Eee-ya, umande!" Mwanamke mwingine akaitika. Wakafuata wengine, wote wa mistari ile ya zamani, wale walioinamisha vichwa.

"Huo ni nini?" Mzee Mbonile akauliza.

"Ni mwanzo wake!" bibi akamjibu kwa ukali. "Tuliuimba tukikuchumia kahawa yako wewe! Umesahau?"

Yesaya akaja haraka, uso umemjaa damu. "Mzee, huo mwanzo tuliuacha wenyewe. Mimi ndiye nilitunga, na gitaa hilo nimelichonga mimi. Mama Ipyana, lete niwaonyeshe."

Watu wote walimtazama Ketrina. Mikono yake ilitaka kukumbatia, akailazimisha kunyooka.

"Chukua. La wajukuu hilo."

Yesaya akalishika kama mtu anayeshika kuku wa mwenzake. Vidole vyake, vilivyozoea shingo pana, vikapandana. Akagonga kwa kidole gumba kutafuta sauti nzito, na uzi ukampigia kelele juu, kiii! Akashtuka, akautazama. Akagonga tena, kiii! Mtoto mmoja akacheka, kisha uwanja mzima. Fortunata, juu ya mkokoteni, kati ya magunia ya mahindi na besi yake, alicheka hadi mkokoteni ukasogea.

"Kichwa mahali pa miguu!" Ketrina akamwambia, na hakunong'ona. "Si ndivyo ulivyosema?"

Alilichukua lake. Akapiga mwanzo wote tangu juu hadi mwisho, bila kuharakisha, akimtazama usoni, na alipomaliza hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Mzee Mbonile akavua kofia. "Mama Ipyana," akasema, "mazao yanakungoja. Tangulia."

Akatangulia! Peke yake, bila mzigo, gitaa kifuani ambapo linakaa lenyewe bila mkanda wala waya, miguu ikipita juu ya ule waya wa Yesaya uliolala vumbini. Nyuma yake Lusungu akapokea, chaka-chaka, chaka-chaka. Nyuma zaidi mkokoteni ukasukumwa na wanawake wanne wakiimba, na Fortunata akaanza kugonga. Ardhi ikaitika, kijiji kizima kikaingia kwenye mapigo hayo na mizigo kichwani, hata wale wasiojua kucheza.

"Leo na mimi ni zao!" Fortunata alikuwa anapiga kelele mlangoni. "Nipokeeni!"

Ketrina hakugeuka kucheka naye. Madhabahu ilikuwa mbele, karibu kuliko alivyowahi kudhani, na kidole gumba kilikuwa kinakimbia.

Baada ya ibada Yesaya alimngoja getini, spika zimeshapakiwa. Hakuna aliyekuwa anamsaidia kufunga kamba.

"Mama Ipyana. Ule mwanzo... tungeurekodi upya. Jina lako tungelitaja. Nifundishe tu."

Ketrina alilishusha gitaa kutoka kifuani. Alitafuta ndani yake huruma kidogo, akakuta pamefagiwa.

"Nilikupikia, nikakuzalia, nikakutungia," akasema. "Kufundisha sikuanza, na leo sianzi. Kama ni kurekodi, tuko watatu, na kila mmoja ana la kwake."

"Mama Ipyana, njoo!" Fortunata alikuwa juu ya mkokoteni mtupu, kijiti hewani, wanawake wameshashika mikono ya kusukumia. "Tunarudi na kelele au tunarudi kimya?"

Ketrina aliweka gitaa dogo kifuani, akatangulia njia ya kwenda nyumbani, akaanza tangu mwanzo.